Alhamisi ya Mkataba

"Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba, Agosti," mume wangu alihesabu kwenye simu. "Julai. Juni. Mei." Nilisikia akivuta pumzi puani. "Mei," akarudia.

"Baada ya Mei, ukirudi nyuma, unakuta..."

"Usinitajie, Tuli. Najua."

Hakujua. Niliuzunguka mparachichi mara mbili nikimsubiri. Kwetu Kisondela mtandao unashika vizuri pale tu, kwenye mparachichi ulio kati ya jiko na migomba, kwa hiyo kila jioni saa kumi na moja nilikuwa chini yake nikienda na kurudi, simu sikioni, hadi nyasi za pale zikawa zimelala.

"Aprili," akasema hatimaye. "Machi, Februari, Januari. Haya, nipe namba."

Nilimpa namba nne, nane, mbili, tisa, tano. Alitakiwa azirudishe kuanzia mwisho. Alizirudisha tatu, ya nne akabuni.

Mazoezi haya yalikuwa na wiki mbili. Asajile aliniambia kocha wa timu yao ndiye aliyewapa, ya kuchangamsha akili. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na kusema kweli niliyafurahia. Katika miaka mitatu ya ndoa yetu, miwili na nusu yeye akiwa Ufaransa, hii ilikuwa mara ya kwanza kunihitaji kwa jambo ninaloliweza. Nilimchekesha, nikampigia makofi kama ninavyowapigia watoto wangu darasani.

Jumapili hiyo ndiyo nilimuuliza, kwa utani tu, "Na ukikosa, mwalimu wako anakuchapa?"

"Nikikosa kesho daktari hanipitishi."

"Daktari gani?"

Akajaribu kucheka. "Nimesema daktari?"

"Umesema daktari, Asajile."

Ikabidi aniambie. Mwezi uliopita, kwenye mechi, goti la mtu lilimpata juu ya sikio. Alisimama akaendelea kucheza, lakini kipindi chote cha pili hakikumbuki mpaka leo. Alikuja kujua kuwa walishinda alipowaona wenzake wakiimba bafuni. Siku kumi na mbili baadaye akagongwa tena, safari hii bega la mtu likampiga kidevuni, na wakamwinua wawili. Klabu zao zina sheria: ukigongwa kichwa, daktari anakuuliza. Anakutajia namba, anakuambia urudishe miezi kinyumenyume. Ukishindwa, unakaa nje. Ukishindwa mara nyingi, unaambiwa uache kabisa.

"Kwa hiyo nilikuwa nakufundisha kumdanganya daktari," nikasema.

"Ulikuwa unanifundisha miezi. Tuli, sikiliza. Mkataba mpya uko mezani, miaka miwili. Nasaini Ijumaa. Baada ya hapo narudi, tunajenga, namalizana na huu mpira. Usimwambie mtu. Niahidi."

Nikaahidi. Mimi nina tatizo hilo: mtu akiniomba kwa sauti ya chini, nakubali kwanza halafu ndipo nafikiri.

Jumatatu akafaulu. Aliniandikia ujumbe wenye alama tatu za kucheka. *Mwalimu bora Rungwe nzima.* Niliusoma mbele ya darasa, watoto wakiwa wanaandika herufi, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

* * *

Huku kwetu watu hawaujui mchezo wa raga. Wanajua kwamba Asajile, mtoto wa mzee Abrahamu, alikwenda chuo Kampala kusomea uhasibu, akiwa na shingo ya mtu aliyebeba mikungu ya ndizi toka akiwa na miaka minane. Kule wakamwona, wakamvalisha jezi namba saba, wakampa mpira ambao hauna umbo la mpira. Alicheza miaka minne, kisha klabu ndogo ya Ufaransa, kwenye mji wa milimani ambao anasema una ukungu kama wa Tukuyu, ikamwita na kumlipa. Basi. Yaliyobaki wamejitungia.

"Shemeji," Ackson aliniambia Jumanne, akinipeleka shule kwa bodaboda yake. Ackson alisoma na Asajile na ndiye mtu pekee kijijini aliyewahi kutazama mechi yake nzima kwenye simu. "Mimi ule mchezo nimeuangalia dakika themanini. Niambie ukweli. Yule bwana anacheza au anadaiwa na wale Wazungu?"

"Anacheza, Ackson."

"Wanamrundikia watu wanane! Halafu refa anaangalia tu, mikono kiunoni. Angekuwa hapa sokoni Bulyaga tungeshaita mgambo."

Siku nyingine ningecheka. Alipoona sicheki, akapunguza mwendo kwenye kona.

"Yuko salama lakini, eti?"

"Yupo."

"Maana mimi ningegongwa vile mara moja tu, ningesahau hata njia ya kwetu."

Nilishuka kabla ya geti, nikatembea hatua zilizobaki haraka kama niliyechelewa, na wala sikuwa nimechelewa.

Jioni hiyo Asajile alipiga akiwa na furaha. Tuliongea habari za mvua, habari za shule. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kila siku, "Na mama anaendeleaje? Mguu umepoa?"

Mama yake tulimzika miaka miwili iliyopita. Mguu ndio ulioanza kumuuma.

"Mama gani?" nikauliza.

"Mama yako. Si uliniambia anaumwa mguu?"

Mama yangu hajaumwa mguu maisha yake yote. Lakini alicheka, akabadilisha habari, na mimi nikamwacha abadilishe. Tulipoagana niliendelea kuuzunguka mparachichi mpaka kuku wakaingia bandani.

* * *

Mtu mmoja tu angeweza kumzuia kusaini, na mtu huyo mimi siruhusiwi kuongea naye.

Asajile alipoondoka kwenda Ufaransa, baba yake alikataa. Akaenda hivyo hivyo. Miezi minne baadaye mama akafariki, na klabu ikamnyima ruhusa kwa kuwa ilikuwa wiki ya mechi kubwa. Hapa kwetu mtoto wa kiume kukosekana kwenye msiba wa mama yake ni jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti, wanalisema kwa macho, na wanalisema muda mrefu. Siku ile Asajile alimwapia baba yake kwa simu kwamba hatasaini tena karatasi yoyote kule bila neno lake. Na alikuwa akimaanisha. Kwa hiyo Alhamisi saa kumi alasiri angempigia mzee, mzee angesema saini au usisaini, na Ijumaa ingefuata.

Nami ni mke wa mtoto wake. Familia nyingi za Kinyakyusa siku hizi zimelegeza, hasa za mjini, lakini mzee Abrahamu hajalegeza. Mkwe wa kike hamtazami baba wa mumewe, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye. Tukikutana njiani mimi ndiye ninayeingia kwenye migomba na kugeuka, naye anapita akitazama upande wa pili. Akitaka kupita karibu na jiko anakohoa toka mbali. Miaka mitatu nimempikia, nimemfulia, najua anapenda ndizi zilizoiva kidogo na chai isiyo na sukari, lakini sura yake naijua zaidi kwenye picha. Sioni kama ni mateso. Mtu mwenye haya kama mimi, kwa kweli, mwiko huo ulinipumzisha. Mpaka wiki ile.

Kati yetu alikuwepo Elina, dada mkubwa wa Asajile, anayeuza vitenge Bulyaga na kurudi nyumbani kila jioni. Neno lolote langu kwa mzee lilipita kwake. Barua pia, maana mzee ana mtoto wa jicho na Elina ndiye anayemsomea. Nilifikiria mchungaji, alikuwa Mbeya kwenye mkutano hadi Jumamosi.

Jumatano nilimsubiri Elina barabarani, nikampokea mzigo wa vitenge.

"Leo kuna nini," akasema, "mpaka napokelewa kama mgeni wa kipaimara?"

Nikamweleza. Ahadi yangu kwa Asajile niliivunja pale barabarani, na baada ya kuivunja mara moja sikuona sababu ya kubakiza kitu. Nilimwambia magoti na mabega, miezi, namba. Nilimwambia habari ya mama.

Elina alisimama. Kwa muda mfupi nilifikiri atalia. Kisha akajifunga upya kanga kiunoni.

"Wifi, ulimi umeteleza tu. Hata mimi namwita Samira wa dukani jina la dada yake kila siku."

"Alimuulizia mama mguu."

"Na wewe ulitaka amuulizie nini, kichwa?" Akaona sijacheka. "Sikia. Tata, mzee wetu, amemnunia yule mtoto miaka miwili. Sasa hivi ndiyo ameanza kumtaja mezani. Kesho anataka kumpa baraka, ameshaniambia. Unataka nikaingie nimwambie mwanao anaharibika akili?"

"Nataka umwambie kama nilivyokwambia."

"Mh." Akachukua mzigo wake kichwani mwangu. "Wewe mwoga sana, wifi. Unaona chura unasema mamba. Haya, nitamwambia."

Nilikaa jikoni nikisikiliza kupitia ukuta wa matofali mabichi. Nilisikia Elina akisalimia kwa Kinyakyusa, mzee akiitikia, viti vikisogea. Kisha Elina akasema, kwa sauti nyepesi kabisa, kwamba Asajile anaumwa kichwa kidogo huko aliko.

"Kichwa?" mzee akasema. "Na mimi kinaniuma. Ni baridi hii. Mwambie anywe supu."

Wakacheka wote wawili. Elina alipotoka alipita mlangoni kwangu bila kuingia. "Nimemwambia," akasema.

Usiku sikulala, na asubuhi darasani niliandika tarehe ya jana ubaoni. Mtoto mmoja akanisahihisha.

* * *

Alhamisi mvua ilianza saa nane, ile mvua yetu isiyo na haraka. Saa kumi kasoro Elina alichukua simu yangu, kwa kuwa ndiyo yenye kioo kikubwa, akaisimamisha juu ya kigoda kwenye kona ya baraza iliyo karibu na mparachichi ili iguse mtandao. Mzee akaketi mbele yake amevaa koti la kanisani. Mimi nilikuwa jikoni, hatua kama kumi, mlango umefungwa nusu. Nilimenya ndizi ambazo hakuna aliyenituma nizimenye. Nilizimaliza, nikachukua nyingine.

"Ndaga, tata," nikasikia sauti ya Asajile ikimsalimia baba yake kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Umekonda."

"Kamera tu, baba."

Walisalimiana kwa kirefu, jinsi wanavyosalimiana wanaume waliokuwa wamekosana. Chai imepandaje. Nani amekufa. Maparachichi wanunuzi wamekuja au bado. Asajile alijibu vizuri. Aliuliza vizuri. Nikaanza kujitilia shaka mimi mwenyewe: labda ni kweli namwona chura.

Kisha mzee akasema, "Haya. Ile karatasi."

"Ndiyo, baba. Nasubiri neno lako."

"Nilikukatalia mara ya kwanza," mzee alisema polepole, "na nilikuwa na hasira. Mama yako aliniambia, Abrahamu, mtoto ana kipaji, mwache. Sikumsikia. Sasa yeye hayupo, nami nimekaa nikaona..."

Nilijua neno linalofuata. Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Nakumbuka nilikiweka chini vizuri kabisa, ubapa, kama mtu mwenye muda. Kisha nikasukuma mlango.

Sikwenda mbele yake. Nilitoka kinyumenyume, nikawapa mgongo, nikasimama kwenye mvua nikitazama ukuta wa jiko langu mwenyewe.

"Mzee asimwambie asaini," nikasema.

"Wifi!" Elina alipiga kelele. Kiti kikaanguka. Nilijua bila kutazama kwamba mzee ameinuka na amegeuza uso.

"Amegongwa kichwa mara mbili. Hakumbuki mechi. Daktari wao anawapima kwa kuwauliza miezi kinyumenyume na namba, naye alikuwa hawezi, nikamkaririsha mimi, wiki mbili, hapo kwenye mti. Jumatatu akafaulu kwa sababu yangu. Na juzi ameniuliza kama mama yake mguu umepoa. Atagongwa tena. Ni kazi yake kugongwa. Nisameheni. Nimemaliza."

Kwenye simu Asajile akasema, "Tuli." Akasema tena jina langu kwa sauti nyingine ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya kunitisha.

Nilingoja mzee aondoke. Ndivyo angetakiwa kufanya, aondoke aende migombani, na jambo lote libaki limeharibika. Badala yake nilisikia akikohoa.

"Elina," akasema. "Kuna mtu ameongea. Mimi sikumsikia, maana sitakiwi kumsikia. Niambie amesema nini."

"Tata..."

"Niambie yote. Kama alivyosema. Safari hii usipunguze."

Nami nikiwa nimesimama pale, nimelowa, mgongo kwao, nikamsikia Elina akirudia. Alianza haraka haraka, kisha akapunguza. Goti. Bega. Miezi. Namba. Mti. Alirudia hata pale niliposema kwa sababu yangu. Alipofika kwenye mguu wa mama hakuweza kumaliza, akalia kwa sauti, na ndipo nikajua kwamba na yeye toka jana alikuwa amebeba jambo hilo bila kupata mahali pa kuliweka.

"Asajile," mzee akasema. "Ni kweli?"

"Baba, imebaki miaka miwili tu. Nina umri wa miaka ishirini na tisa. Mchezaji wa raga akitoka kwenye mkataba kwa ajili ya kichwa, hakuna klabu itakayomgusa. Nitarudi kufanya nini? Kuchuma chai?"

"Sikukuuliza miaka."

Nilihesabu matone yaliyokuwa yakidondoka kwenye ndoo.

"Ni kweli," Asajile akasema.

"Mama yako hukumzika," mzee akasema. Hakusema kwa ukali. "Watu walinisema, nikavumilia. Nikasema yuko hai, atakuja siku moja nimwonyeshe kaburi. Sasa ukija hukumbuki kwamba amekufa, nitakuonyesha nini?"

Nilisikia mzee akigonga fimbo sakafuni.

"Sisemi saini. Ukisaini, umesaini mwenyewe, kama ulivyoondoka mwenyewe."

Simu ikakatika. Kama ni mtandao au ni mkono wake, sijui. Nyuma yangu nilisikia fimbo ya mzee ikishuka ngazi na kuelekea migombani, upande wa pili, mbali na mimi.

* * *

Mwanamke aliyevunja mwiko ule harudi jikoni kama hakuna kitu. Nilifunga nguo chache, na jioni ile ile Ackson akanipeleka Kawetele kwa wazazi wangu. Elina ndiye aliyempigia. Hakunisemesha, lakini alinifunika koti lake la mvua begani, akafunga vifungo mpaka juu kama ninavyowafungia watoto. Ackson naye, kwa mara ya kwanza toka nimjue, hakufanya utani njia nzima.

Baba yangu, mzee Hosea, alisikiliza, akasema wazee watakaa, watajua la kufanya, na nisijilaumu. Mama akanipa viazi nimenye. Ijumaa ikapita. Sikujua saa za kule zinaendaje ofisini, wanasaini asubuhi au mchana. Kila nilipokaa niliinuka. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nilitembea hadi barabarani, nikarudi, nikasahau nilichokifuata, na kusahau kwenyewe kukanitia woga. Jumamosi nayo ikapita. Mama akaninyang'anya ufagio. "Utachimba kaburi hapa," akasema.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, Asajile akapiga.

Hakusalimia. "Nilikwenda kwa daktari Ijumaa kabla ya kusaini," akasema. "Nikamwambia namba na miezi nilizikariri. Akanipima upya, kwa maneno mengine. Nilipata matatu kati ya kumi."

Nilikaa chini kwenye kizingiti.

"Wamekwisha kuniondoa kwenye kikosi. Mkataba hakuna. Wiki ijayo kuna kipimo kingine cha kichwa, cha mashine, halafu wananikatia tiketi. Wenzangu wanakuja hapa chumbani wananiletea mikate kama nimefiwa. Tuli, toka umri wa miaka ishirini na mbili asubuhi nikiamka najua nakwenda kukimbia wapi. Leo nimeamka saa kumi na moja, nikavaa viatu, nikasimama mlangoni. Nimesimama nusu saa."

"Na sasa uko wapi?"

"Natembea. Kuna mto hapa. Nimepita daraja hili mara sijui ya ngapi."

Nilisikia kokoto chini ya viatu vyake.

"Uliniahidi," akasema.

"Niliahidi."

"Halafu ukasimama mbele ya baba."

"Sikusimama mbele. Niligeuka."

Nadhani alitaka kucheka. Ilitoka kama kikohozi. Kokoto zikaendelea.

"Umenikasirikia?" nikauliza.

"Sana."

"Sawa."

"Sijui itachukua muda gani, Tuli. Sitaki nikudanganye."

"Sawa."

Kengele ya kanisa ililia huko bondeni, na watu wakaanza kutoka. Nilimwona mama yangu kwa mbali akipanda kilima na wenzake. Nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba ili wasinikute nikiongea, nikasimama, nikaanza tena kutembea.

"Usikate simu," Asajile akasema.

"Sikati."